Ufunguo wa Mlango wa Mfalme

Makandana,
S.L.P. 148,
Tukuyu.
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Nelson,

Pokea salamu za baba yako mkubwa kutoka huku kwenye ukungu. Mkeo Veronika hajambo? Happy anaendelea na shule? Na yule mdogo aliyekuwa anakohoa mlipokuja Krismasi, kifua kimefunguka? Na ziwa lenu, samaki wanapatikana? Nauliza yote haya nikijua utanijibu kwa mstari mmoja kama kawaida yako, lakini kuuliza ni wajibu wangu na mimi wajibu sijawahi kuuruka.

Kwa upande wangu mwili wote ni mzima isipokuwa mguu wa kulia, na huo nao ni mzima kasoro mfupa. Waliokuambia kwamba nilianguka kwenye mparachichi kwa sababu ya uzee wamekudanganya. Lililokuwa zee ni tawi. Nilikuwa nawaonyesha vijana wa wanunuzi jinsi tunda linavyochumwa na kikonyo chake bila kuchubuka, maana wao wanautikisa mti kama mtu anayekung'uta mkeka. Daktari mwenyewe alishangaa. Alisema mtu mwingine wa umri wangu angevunjika vipande vinne, mimi nimevunjika viwili tu.

Basi nimeletwa hapa Makandana kwa ndugu yako Vicent, niwe karibu na hospitali. Nasema kwa Vicent kwa mazoea. Vicent yuko Chunya kwenye dhahabu, mwaka wa pili huu. Nyumbani tupo wawili, mimi na shemeji yako Leah, yule mwalimu wa Singida.

Na hapo ndipo penye jambo lililonishikisha kalamu. Leah anaondoka Jumamosi, yaani keshokutwa. Anarudi kwao moja kwa moja. Na mimi siwezi kumwambia neno hata moja.

Mwandiko wangu usiucheke. Darasa la pili nililosoma mimi ni sawa na la saba la siku hizi.

Sasa nikueleze, maana wewe umezaliwa Mwanza ukakulia Mwanza, mambo haya unayasikia kwa mbali. Mkeo siku ya kwanza alinipa mkono, nikaupokea nimefumba macho, nawe ukadhani nina ugonjwa wa macho. Huku kwetu mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Akinisikia naja njiani anaingia kwenye migomba mpaka nipite. Haingii chumba nilichomo. Hatuzungumzi, hata jina langu halitamki. Hiyo tunaita kutila. Wachungaji walikwisha sema iachwe, na wengi wameiacha, hata kijijini kwetu Masoko utaona mzee na mkamwana wake wamepanda bodaboda moja wamebanana. Mimi sikuiacha. Babu yako aliingia kaburini hajauona uso wa mama yako, na alimpenda kuliko alivyotupenda sisi aliotuzaa.

Leah si mtu wa huku. Angeweza kukataa, ni mwalimu wa serikali, ana mshahara wake, nani angemlazimisha. Lakini marehemu mama yako mkubwa Esnath alimkalisha jikoni wiki ile ya harusi akamweleza, naye akakubali, na tangu siku hiyo hajakosea. Chakula changu anakiweka juu ya kigoda pale kwenye korido, anagonga ukuta kidogo, anaondoka. Nikisikia mlango wa jikoni umefungwa ndiyo natoka nachukua. Uso wake siujui mpaka leo. Najua kikohozi chake, na najua anavyoburuta ndala akiwa amechoka.

Zamani Esnath ndiye alikuwa mdomo wetu. Nikiwa na neno namwambia Esnath, anampelekea. Leah akiwa na neno, vivyo hivyo. Tangu tumzike Esnath hakuna mdomo tena. Nilidhani nitauzoea ukimya. Mimi nimezoea mengi magumu.

Sasa nakuja kwenye lile sanduku lako la gemu ulilomletea Vicent. Yeye alikuwa anacheza mpira tu, kelele mtindo mmoja. Lakini ndani yake kuna gemu lingine, la msichana mwenye suruali anayeshuka chini ya mlima kumtafuta kaka yake aliyepotea. Leah alikuwa analicheza jioni, mimi nikiwa chumbani nasikia muziki wake, kama filimbi na maji yanayodondoka. Nikalala na ule muziki kichwani. Kesho yake Leah kaenda shuleni, nikajikokota na magongo hadi sebuleni nikaishika pedi ya kuchezea. Siku ya kwanza msichana aligonga ukuta asubuhi nzima. Siku ya pili nikajua kumtembeza. Vijana wangapi hapa mjini wangejifunza bila mwalimu?

Mapango yale ni vyumba vitupu, chumba ndani ya chumba, na karibu kila mlango una kufuli. Ufunguo unaupata kwenye kasha, au anao mnyama fulani mpaka umpige. Na hapa ndipo nilipokasirika. Ufunguo ule unafungua mlango wowote mdogo, na ukishafungua unayeyuka. Nelson, mimi nililinda ghala la kahawa la chama cha ushirika Masoko mpaka nikastaafu, funguo zote za ghala zilikuwa kiunoni mwangu, na hazikuwahi kulala nje ya nyumba yangu. Ufunguo una mlango wake na mlango una ufunguo wake. Ufunguo unaofungua kila mlango halafu unakufa ni ufunguo wa mwizi. Nilimwambia hivyo Andrea, kijana wa bodaboda anayenipeleka hospitali, akasema, "Mzee, ndiyo utamu wenyewe huo. Unachagua ufungue wapi."

Basi ikawa hivi. Mimi nacheza asubuhi. Saa tisa nikisikia geti, nazima, narudi chumbani. Leah anapika, anafua, halafu anakaa sebuleni anacheza kidogo kabla ya chakula cha jioni. Na gemu lenyewe ni moja, linajihifadhi, kila mtu anaanzia alipoachia mwenzake. Asubuhi nikawasha nikakuta mlango niliohangaika nao umefunguliwa, na msichana ana funguo mbili mfukoni. Nilikaa nikaitazama ile televisheni muda mrefu.

Na mimi nikaanza kumwachia. Kule kwenye bwawa la nyoka alikuwa anakufa kila siku, nasikia anavyoguna. Asubuhi nikampiga yule nyoka, nikapata ufunguo, sikuutumia. Nikamwacha msichana amesimama mbele ya kasha lililo wazi ili Leah aone. Jioni hiyo, mwanangu, nilimsikia anacheka. Peke yake kule sebuleni anacheka. Tangu Vicent aache kupokea simu zake sikuwa nimesikia kicheko katika nyumba hii.

Tulikwenda hivyo tangu Pasaka. Mapango manne tumeyamaliza, mimi na yeye, na hatujawahi kukaa chumba kimoja.

Sasa sikiliza kilichotokea. Pango la tano ni jumba la mfalme. Mfalme ni mzee mwenye ndevu, amekaa chumbani kwake, na ndani ya chumba hicho ndimo ulimo ufunguo mkubwa wa lango la mwisho, ambako kaka mtu amefungwa. Leah alikuwa amepata ufunguo mdogo mmoja, wa mwisho, akauacha. Mimi nikawasha asubuhi na Andrea yupo, amekuja kunichukua kwenda kliniki. Maneno ya gemu ni ya Kiingereza, nikamwambia anisomee. Akasoma. Kumbe yule msichana ameposwa, na aliyemposa ni mtoto wa mfalme.

Nikamuuliza, kwa hiyo huyu mzee ni mkwe wake?

"Ndiyo, mzee. Ingia tu, atakupa ufunguo."

Nikasema haingii.

"Haingii kivipi? Mlango si huu hapa, na ufunguo unao."

Nikamwambia mkamwana haingii chumbani kwa baba mkwe wake, tena peke yake, tena na suruali. Andrea akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee wangu unazingua. Hawa ni picha tu." Nikamwambia hata picha iliyochorwa vizuri ina heshima yake. Aliyejenga jumba la namna ile hawezi kukosa kujenga njia ya pembeni kwa ajili ya mkamwana. Nyumba ya mzee yeyote mwenye akili ina mlango wa nyuma. Na kweli kulikuwa na mlango mwingine upande wa kushoto, mdogo, mzuri. Nikaufungua.

Ilikuwa stoo. Vyungu na taa moja ya mafuta.

Ufunguo ukayeyuka. Nikarudi kwenye mlango wa mfalme, kufuli. Nikazunguka jumba lote, nikavunja kila chungu, nikarudi mpaka kwenye bwawa la nyoka. Hakuna ufunguo. Andrea anasema haiwezekani, watengenezaji wa gemu huhesabu milango kwanza ndipo wagawe funguo, hawamwachi mtu akwame. Mimi nakuambia nimekwama. Kama wewe unajua lolote juu ya hili nijibu, maana kuanza upya ni kufuta kila alikofika Leah, na mkono wangu haukubali.

Jioni ile nilisikiliza kutoka chumbani. Muziki ulianza, ukaendelea kidogo, halafu pedi ikawekwa mezani taratibu. Hakuguna. Angeguna ningepumua.

Asubuhi nikawasha. Msichana amesimama mbele ya mlango wa mfalme, uso kwa mlango. Nikamtoa nikaendelea kutafuta, nikamwacha kule stoo. Kesho yake nikamkuta tena mbele ya mlango wa mfalme. Nikamtoa. Kesho yake, pale pale. Andrea anasema mwalimu naye anatafuta ufunguo tu, usiwaze mengi mzee. Andrea hajaoa. Mimi najua mtu anavyosimama anapotafuta na anavyosimama anapobisha hodi.

Ana neno la kuniambia, na mimi nililijua kabla hajalisema. Nyumba hii ya Vicent haikupigwa dari. Kuta zinaishia juu ya milango, huko juu ni mbao na bati. Nikikohoa anasikia, akigeuka kitandani nasikia. Jumapili alipigiwa simu na dada yake. Sikutega sikio, sauti ilikuja yenyewe. Vicent ana mwanamke kule Chunya, na mwanamke ana mtoto. Leah alisema, "Shule zimefungwa, nakata tiketi ya kuja Jumamosi, na uhamisho nitauombea huko huko." Halafu akasema, "Kinachonishinda ni baba. Nitamuagaje?" Halafu akalia kwa sauti ya mtu aliyeweka khanga mdomoni, na mimi niko upande wa pili wa tofali, nimekaa kitandani na mguu wangu wenye plasta, nimeshika magongo kama mjinga.

Ningekuwa na miguu miwili ningekwenda Chunya nikamtoa Vicent shimoni kwa masikio. Nimempigia, hapokei. Nimempigia kwa simu ya Andrea, akapokea, akasikia sauti yangu, akakata. Mwanangu wa kumzaa. Nguvu zote nilizokuwa nazo, unakumbuka nilivyobeba gunia la kahawa kila bega, leo hazifiki hata mwisho wa korido.

Nilijaribu kumtuma Andrea. Nikamwambia mwambie mwalimu kwamba baba anasema asiwe na haraka. Andrea akaenda jikoni akarudi. "Mzee, anasema usijali, chakula chako ameshapanga na jirani, utaletewa." Umeona? Amedhani nalilia tumbo. Maneno ya nyumbani hayapiti kwa bodaboda, yanafika yamechubuka.

Mjomba wako Ambindwile alikuja Jumanne. Alisema kwa nini usimwite tu mkaongea, mbona watu wote wanaongea siku hizi. Nikamwambia watu wote si mimi. Akasema basi kaa na mila yako peke yako ndani ya nyumba. Nilimfukuza, lakini neno lake limebaki.

Maana fikiria, Nelson. Huyu binti ameishika heshima ya kwetu bila kuzaliwa nayo. Mume amemwacha na ameishika. Mizigo imefungwa na bado anagonga ukuta, anaweka sahani, anaondoka. Leo mimi nimwite tu sebuleni kama mtu aliyekuja kudai bili ya maji, itakuwa nimemwambia kwamba yote aliyoyashika yalikuwa bure. Nisipomwita, anaondoka akijua kwamba mzee wa nyumba hakuwa na neno. Kila ninakogusa ni kufuli.

Basi nimefikiri tangu Jumapili, na hiki ndicho nilichopata, kama ni kidogo ni kidogo. Barua hii nampa Andrea aipige picha aitume kwenye simu yako leo leo. Nimeandika kwa sababu kwa mdomo Leah angesikia mpango wenyewe. Kesho Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, wakati yuko chumbani kwake anamalizia kusahihisha mitihani ya muhula, wewe nipigie. Baada ya salamu niulize habari za Leah. Uniulize kama mtu asiyejua lolote. Mila inanikataza kumwambia Leah. Hainikatazi kuzungumza na mwanangu aliye Mwanza. Na mimi kwenye simu huwa napaza sauti, kila mtu anajua.

Nitakuambia kwamba nyumba hii ni yake. Vicent aliianza, lakini simenti ya nusu ya kuta hizi imetoka kwenye mshahara wa Leah, na nitalisema hilo mbele ya ukoo wote nikiwa kwenye magongo. Nitakuambia kwamba Vicent ni mwanangu, ila katika hili ni mpumbavu, na upumbavu wake haumfanyi Leah asiwe mtoto wangu. Kwamba akitaka kwenda, aende kama binti anayekwenda kusalimia kwao, hakuna aliyemfukuza. Kwamba asibaki kwa ajili ya mguu wangu, mguu utaunga, na ugali najua kusonga. Na nitakuambia kwamba yule msichana sikumzuia mlangoni kwa chuki. Nilikuwa namlindia heshima yake. Yule mfalme nadhani alikuwa amekaa anamngoja muda wote.

Hayo ni mengi na mimi kuyasema sijazoea. Esnath ndiye alikuwa anayapanga. Ndiyo maana nakuomba wewe.

Halafu kuna kiti. Leo asubuhi, Leah alipotoka, nimekigeuza kile kiti changu cha sebuleni, kikubwa, cha mninga. Kimenichukua muda, na magongo yameniangukia, lakini nimekigeuza peke yangu bila Andrea. Sasa kinatazama ukuta, pale penye kalenda ya kanisa. Kesho ukishanipigia nitakaa hapo, mgongo kwa mlango, na mlango nitauacha wazi. Kama Leah ana neno la kuaga au hata la kunitukana, aingie asimame nyuma yangu aseme. Sitageuka. Hilo nalo utaliuliza kwenye simu. Uniulize, baba mkubwa, siku hizi unakaa wapi, nami nitakueleza habari za kiti. Sijui kama ataingia. Kiti nimekiweza, mengine yaliyobaki siyawezi.

Nisalimie Veronika, mwambie mkono wake niliupokea kwa moyo mweupe ingawa macho yalikuwa yamefumba. Nisalimie Happy na mdogo wake, na mzee Emmanuel jirani yenu aliyenipa sato. Ambindwile anakusalimu, ingawa sijamsamehe bado. Mungu aliyewapa ninyi ziwa na sisi mvua awalinde mkilala na mkiamka, na safari zenu ziwe na kurudi. Ndaga fijo, yaani asante sana, mwanangu.

Wako akupendaye,
Baba yako mkubwa,
Asajile

N.B. Kesho ukinipigia usiwe na haraka ya salio, ongeza la kutosha. Nikifika kwenye neno la Leah huenda nikanyamaza. Usidhani mtandao umekatika. Hata nikinyamaza sana, usikate.